MADA YA 7: ASILI YA WIMBO WA TAIFA NA MTUNZI WAKE

Ukiulizwa asili ya Mungu Ibariki Afrika, usiandike kwamba ulitungwa mwaka 1961. Mwaka huo Tanganyika iliuchukua tu. Mahadhi yake yalianza kama wimbo wa kidini wa wanafunzi kama wewe.

(a) Maisha ya mtunzi
Enoch Sontonga alizaliwa mwaka 1873 katika Rasi ya Mashariki, Afrika Kusini. Alikuwa mwalimu na kiongozi wa kwaya katika shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg. Mwaka 1897 alitunga ubeti wa kwanza na kiitikio cha Nkosi Sikelel' iAfrika kwa Kixhosa. Mwaka 1899 wimbo uliimbwa hadharani katika ibada ya kumweka wakfu mchungaji. Alifariki tarehe 18 Aprili 1905, bado kijana, wala hakusikia taifa lolote likiuimba. Kaburi lake lilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1996 tu.

(b) Kuenea kwa wimbo
(i) Mwaka 1912 uliimbwa katika mkutano wa kuanzisha chama kilichokuja kuitwa ANC.
(ii) Mwaka 1923 Sol Plaatje aliurekodi London.
(iii) Mwaka 1927 mshairi Samuel Mqhayi aliongeza beti saba.
(iv) Tanganyika iliuchukua kwa maneno ya Kiswahili mwaka 1961. Baada ya Muungano wa 1964 ukawa wimbo wa Jamhuri nzima, Unguja na Pemba zikiwemo.

(c) Kwa nini ulifaa?
Wimbo huu ni dua. Haukutaja dhehebu wala kabila, bali Afrika yote. Ndiyo maana mwanafunzi wa madrasa ya Mji Mkongwe na mwanakwaya wa Kanisa Kuu la Mkunazini huuimba pamoja bila kusita. Tena mahadhi ni mepesi kwa sauti nyingi, kwa sababu yalitungiwa kwaya ya shule.

Zingatia: Zanzibar ina wimbo wake pia. Usichanganye nyimbo hizi mbili.

Mbinu ya kukumbuka: Sontonga alizaliwa mwaka uleule soko la watumwa la Mkunazini lilipofungwa, 1873.

Swali la mazoezi: "Wimbo wa Taifa si kazi ya mtu mmoja." Thibitisha kauli hii kwa hoja tatu. Tenganisha aliyetunga mahadhi, aliyeongeza beti, na nchi zilizouchukua.