Uteuzi wa Mashine ya CNC ya Kukata Gia kwa Hobu katika Uzalishaji wa Viwandani: Mfano wa Mpanda, Mkoa wa Katavi

Ikisiri

Makala haya yanafafanua vigezo vya kuteua mashine ya kukata gia kwa hobu inayoongozwa kwa namba kupitia kompyuta, maarufu kama CNC, kwa kuangazia mazingira ya Mpanda mkoani Katavi. Hoja kuu ni kwamba uteuzi hauanzi katika katalogi ya mtengenezaji, bali katika orodha ya gia zinazohitajika, idadi yake kwa kila oda, na hali ya umeme mahali mashine itakapofungwa. Kwa kutumia mfano wa hesabu, makala yanaonesha kwamba faida ya CNC juu ya mashine ya kimakanika hujitokeza zaidi katika oda ndogo kuliko katika oda kubwa. Hata hivyo, faida hiyo hupotea pale ambapo hakuna vipimo sahihi, tanuri la kugumisha chuma na kinga dhidi ya kukatika kwa umeme.

1.0 Utangulizi

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa, na makao makuu yake ni Mpanda. Uchumi wake umejengwa juu ya kilimo cha mpunga, mahindi, tumbaku na alizeti, pamoja na uchimbaji mdogo wa dhahabu. Shughuli zote hizi hutegemea mitambo, na sehemu kubwa ya mitambo hiyo hubeba gia ndani yake.

Ni vyema kubainisha mapema kwamba si kila mtambo wa mkoani hapa unahitaji gia. Mashine nyingi za kusaga nafaka na makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu huendeshwa kwa mikanda. Mahitaji halisi ya gia yamo katika pawatila na matrekta, katika masanduku ya kupunguzia mwendo ya mashine za kukamua alizeti, katika mashine za kuchanganyia zege, na katika mitambo mikubwa ya mapipa ya kusagia mawe. Mkulima ambaye gia ya pawatila yake imevunjika wakati mvua zimekwisha kuanza hana muda wa kusubiri kipuri kutoka Mwanza au Dar es Salaam. Msimu wa kuandaa majaruba ukipita, hasara yake haifidiwi na kipuri kinachowasili baadaye. Swali la makala haya linatokana na hali hiyo: iwapo karakana ya Mpanda itataka kuzalisha gia, je, iteue mashine ya namna gani?

2.0 Misingi ya Ukataji wa Gia kwa Hobu

Hobu ni kikatio chenye umbo la skrubu, kilichopasuliwa mifereji ili kuunda kingo za kukatia. Hobu na kipande cha chuma huzunguka kwa pamoja bila kusimama. Hobu yenye uzi mmoja ikizunguka mara moja, gia yenye meno 40 huzunguka sehemu moja ya 40 ya mzunguko wake. Wakati huohuo hobu hushuka polepole kukipita kipande chote, na umbo la jino huzaliwa kutokana na mwendo huo wa pamoja.

Mwaka 1897, Robert Hermann Pfauter wa Chemnitz, Ujerumani, alipata hataza ya mashine iliyoweza kukata meno yaliyonyooka na meno ya mshazari kwa njia hii. Kwa miongo mingi iliyofuata, uwiano kati ya hobu na kipande ulipatikana kwa gia za kubadilisha: fundi alikokotoa uwiano, akachagua gia, akazifunga kwa mkono. Katika mashine ya CNC, uwiano huo hutunzwa na programu, na kila mhimili huendeshwa na mota yake ya sevo.

Tofauti kati ya njia hii na ile ya milingi, ambayo karakana nyingi ndogo huitumia, ni ya msingi. Katika milingi, kikatio huchonga nafasi moja ya jino, kisha kipande hugeuzwa kwa kigawanyi ili nafasi inayofuata ichongwe. Kwa kawaida kila moduli huwa na seti ya vikatio 8, na kikatio kimojawapo, kwa mfano, hutumika kwa gia zenye meno 35 hadi 54, ingawa umbo lake ni sahihi kwa meno 35 tu. Hobu moja, kinyume chake, hukata kwa usahihi gia yenye idadi yoyote ya kawaida ya meno, mradi moduli na pembe ya mgandamizo ni zilezile.

3.0 Kigezo cha Kwanza: Orodha ya Gia

Moduli ni kipenyo cha duara la msingi wa hesabu, kwa milimita, kikigawanywa kwa idadi ya meno. Mitambo mingi ya Asia na Ulaya bara hutumia mfumo huu. Matrekta ya zamani yenye asili ya Uingereza na Marekani hutumia mfumo wa inchi, ambao huhesabu meno kwa kila inchi ya kipenyo. Kuchanganya mifumo hii miwili ni kosa la gharama kubwa.

Tuchukulie kwamba karakana imepokea gia iliyovunjika, yenye meno 40 yaliyonyooka na kipenyo cha nje cha milimita 177.8. Kwa gia ya kawaida, kipenyo cha nje ni moduli mara idadi ya meno ikiongezwa 2. Hivyo moduli ni 177.8 ikigawanywa kwa 42, yaani 4.233. Hakuna moduli sanifu ya namna hiyo. Gia hiyo ni ya mfumo wa inchi, yenye meno 6 kwa inchi, na kuikata kwa hobu ya moduli 4 ni kuzalisha gia isiyoshikana na mwenzake.

Kwa msingi huo, kabla ya kulinganisha mashine, karakana inapaswa kukusanya gia zinazovunjika katika eneo lake na kuandika moduli, idadi ya meno, upana, pembe ya mshazari na kipenyo cha kila moja. Orodha hiyo ndiyo itakayoonesha ukubwa wa mashine na idadi ya hobu za kununua. Aidha, italinda karakana dhidi ya kishawishi cha kununua mashine kubwa kupita kiasi. Gia ya mzingo wa pipa la kusagia mawe yaweza kuzidi kipenyo cha mita moja. Kuinunulia mashine gia inayohitajika mara chache ni kufunga mtaji usiozunguka; ni afadhali gia kama hiyo ipelekwe kwenye karakana kubwa za nje ya mkoa.

4.0 Kigezo cha Pili: Ukubwa wa Oda

Inadhaniwa mara nyingi kwamba mashine ya CNC inafaa tu pale ambapo vipande ni maelfu. Hesabu ifuatayo inaonesha vinginevyo. Tuchukulie gia ya moduli 4, meno 40 na upana wa milimita 40, inayokatwa kwa hobu ya uzi mmoja yenye kipenyo cha milimita 90 kwa mwendo wa mita 60 kwa dakika. Hobu itazunguka takribani mara 212 kwa dakika. Ikiwa hobu inashuka milimita 2 kwa kila mzunguko wa gia, na safari yake yote pamoja na kuingia na kutoka ni milimita 70, gia itazunguka mara 35, sawa na mizunguko 1,400 ya hobu. Muda wa kukata ni takribani dakika 6.6.

Kwa milingi, ikiwa kila nafasi ya jino inachukua dakika 1.4 kuchonga na dakika 1 kurudi na kugawanya, gia hiyohiyo itachukua dakika 96.

Sasa tuchukulie kwamba maandalizi ya mashine ya hobu ya kimakanika huchukua dakika 90 na ya CNC dakika 25. Kwa oda ya gia 100, muda kwa kila gia ni dakika 7.5 kwa mashine ya kimakanika na 6.85 kwa CNC. Tofauti haifiki dakika moja. Kwa oda ya gia 5, muda ni dakika 24.6 dhidi ya 11.6. Kwa maneno mengine, kadiri oda inavyopungua ndivyo CNC inavyojitenga na mashine ya kimakanika, kwa sababu inaokoa maandalizi na si ukataji. Katika soko kama la Mpanda, ambako oda nyingi zinatarajiwa kuwa za vipande vichache vya aina mbalimbali, hiki ndicho kigezo chenye uzito. Hata hivyo, ikumbukwe kwamba hata mashine ya kimakanika iliyotumika, ikiwa na gia zake zote za kubadilisha, inaipita milingi kwa mbali.

5.0 Kigezo cha Tatu: Umeme

Kwa miaka mingi Mpanda ilipata umeme wa jenereta za dizeli za TANESCO nje ya gridi ya taifa. Mradi wa njia ya msongo wa kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga ulibuniwa ili kuiondoa Katavi katika hali hiyo. Pamoja na hayo, mashine iliyo mwishoni mwa njia ndefu ya umeme inapaswa kuteuliwa kwa tahadhari.

Umeme ukikatika wakati hobu imo ndani ya chuma, mwendo wa pamoja wa hobu na gia huvunjika. Gia huharibika, na kingo za hobu zaweza kumeguka. Katika mashine ya kimakanika, hobu na kipande vimeunganishwa kwa chuma, hivyo husimama pamoja. Katika CNC uunganisho huo ni wa kielektroniki. Kwa sababu hiyo, mnunuzi wa Mpanda anapaswa kudai mashine yenye uwezo wa kuiondoa hobu kwa dharura, yaani mfumo unaotumia nishati iliyobaki katika mota ili kudumisha uwiano na kuichomoa hobu pale umeme unapopotea. Stebilaiza ya fezi tatu na utuzaji wa ardhini ulio imara ni sehemu ya bei ya mashine, si nyongeza.

6.0 Kigezo cha Nne: Vitu Vinavyoizunguka Mashine

Gia iliyokatwa vizuri bila kugumishwa huliwa upesi. Karakana isiyo na tanuri la kuupa uso wa jino kaboni na ugumu itazalisha gia nzuri kwa macho zisizomaliza msimu. Vilevile, gia isiyopimwa haiwezi kudhaminiwa. Kwa gia ya mfano wetu, kipimo cha maikromita yenye visahani juu ya meno 5, kwa pembe ya nyuzi 20 na bila kutoa posho ya mwanya, ni milimita 55.38. Fundi anayeweza kukifikia na kukithibitisha kipimo hicho ana thamani kubwa kuliko skrini ya kisasa. Hobu nazo huhitaji kunolewa kwa mashine maalumu. Ikiwa huduma hiyo iko mbali, lazima kuwe na hobu ya akiba kwa kila moduli inayotumika sana.

Historia ya Tanzania inatoa funzo hapa. Kiwanda cha zana za mashine cha Kilimanjaro, kilichojengwa kwa ushirikiano na Bulgaria, na kile cha Mang'ula mkoani Morogoro, chenye asili katika ujenzi wa reli ya TAZARA, vyote vilipitia miaka ya kusimama. Mpanda kwenyewe, tawi la reli kutoka Kaliua lilijengwa kwa ajili ya mgodi wa risasi; mgodi ulifungwa, na reli ikalazimika kuishi kwa mizigo mingine na abiria. Mtambo unaomtegemea mteja mmoja huyumba mteja huyo anapoondoka.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala haya yamebainisha kwamba kwa Mpanda mashine inayofaa ni ya CNC ya ukubwa wa kati, inayoweza kukata hadi moduli 8 na kipenyo cha takribani milimita 400, yenye uondoaji wa dharura wa hobu, mradi orodha ya gia ya eneo ithibitishe vipimo hivyo. Inapendekezwa pia kwamba mashine iwe ya mwisho katika mfuatano wa ununuzi: kwanza vifaa vya kupimia na mafunzo ya fundi, pili tanuri, tatu umeme ulio salama, kisha mashine. Kwa kuwa mtaji huo ni mzito kwa karakana moja, inafaa mashine imilikiwe kwa pamoja chini ya mwavuli wa taasisi kama SIDO, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973 ili kuviendeleza viwanda vidogo, ili pawatila, kinu cha alizeti na mtambo wa dhahabu vyote viwe wateja wake. Kwa utaratibu huo, msimu mbaya wa zao moja hautaisimamisha mashine, na mkulima mwenye gia iliyovunjika atakuwa na mahali pa kuipeleka kabla mvua hazijampita.