Je, Wajua? Sikio Lililofichwa Ukutani

Je, wajua kwamba redio ya betri unayosikilizia habari jioni hapo Nyangwe, mkoani Maniema katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inaweza kukufichulia kinasa sauti cha siri? Vinasa vingi vya bei nafuu hutumia kadi ya simu. Kikituma sauti kwa mtandao wa 2G, mawimbi yake hukatika mara 217 kwa sekunde, na spika iliyo karibu hunguruma: trr-trr, trr-trr. Zima simu zote, kisha pitisha redio polepole kando ya kuta na chini ya vitanda. Ikinguruma, huenda kuna simu nyingine karibu.

Wajua kwamba vingine hurusha sauti kwenye FM? Mwache mwenzako aongee chumbani huku ukitafuta masafa taratibu, kutoka megahezi 88 hadi 108. Sauti yake ikitoka redioni, au redio ikipiga mlio mkali, umekikaribia.

Kinachorusha sauti humaliza betri upesi, ndiyo maana hupenda kujificha palipo na umeme: ndani ya chaja, soketi au taa. Nyumba za sola zina nafuu hapa: nyaya ni chache, na waweza kuzifuata zote kwa mkono kuanzia kwenye paneli hadi taa ya mwisho. Waya usioujua uendako, ufungue. Lakini kinasa kinachohifadhi sauti bila kuirusha, redio haitakigundua kamwe. Hicho hutafutwa kwa macho na vidole: plasta mpya, tundu dogo, zawadi iliyoletwa na mtu usiyemfahamu vizuri.

Zawadi! Tarehe 4 Agosti 1945, watoto wa Kisovieti walimpa balozi wa Marekani huko Moscow nembo ya mbao ya nchi yake. Ilitundikwa nyumbani kwake hadi 1952, ndipo kikagunduliwa ndani yake kinasa kisicho na betri wala waya, kazi ya Leon Theremin. Kiliamshwa kwa mawimbi ya redio yaliyoelekezwa kutoka nje.

Na Afrika je? Januari 2018 gazeti la Le Monde liliripoti kwamba vipaza sauti vilikutwa mezani na ukutani katika makao makuu ya Umoja wa Afrika, Addis Ababa, jengo lililojengwa na China. China ilikanusha.

Je, wajua kwamba Nyangwe yenyewe ina siri iliyofichuliwa kwa mwanga? Mwaka 1871 mmisionari na msafiri David Livingstone, akiwa hapo na ameishiwa karatasi, aliandika shajara yake juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa mimea. Wino ukafifia. Wataalamu waliipiga picha kwa mwanga wa aina nyingi, hata ule usioonekana kwa macho, na kufikia 2011 habari za mauaji ya sokoni Nyangwe ya 15 Julai 1871 zikasomeka tena. Nyumbani kwako, kutafuta kamera ya kificho, tochi inatosha: zima taa, mulika taratibu, na lenzi yake itametameta.

Ukipata kinasa, usikivunje wala usiseme neno mbele yake. Kipige picha kilipo, mwite shahidi, kisha mwone mwanasheria. Katiba ya Kongo ya 2006 iko upande wako: kifungu cha 29 kinalinda makazi, cha 31 kinalinda maisha ya faragha na siri ya mawasiliano.