Haya ya Mwanafunzi na Sauti ya Tarumbeta

Mwalimu wa muziki aliyekabidhiwa kundi la vijana wenye tarumbeta, awe yuko Mvara jirani na Kanisa Kuu la Emmanuel au kwingineko kokote katika Arua na Koboko, hakosi kukutana na mwanafunzi ambaye vidole vyake ni vyepesi, sikio lake ni sahihi, na noti huzisoma bila taabu, ilhali sauti inayotoka katika ala yake ni nyembamba hata aliyekaa safu ya mbele haisikii sawasawa. Ada ya walimu wengi ni kumwamuru mwanafunzi huyo apulize kwa nguvu. Kwa rai yangu amri hiyo imewaharibu wapigaji wengi kuliko uvivu ulivyowaharibu, na sababu yake imo katika maumbile ya ala yenyewe.

Ala za shaba hazina ulimi kama zumari wala uzi kama udi. Kinachotetemeka ni midomo ya mpigaji ndani ya kile kikombe kidogo cha kupulizia, na mtetemo huo huitikisa hewa iliyomo katika bomba, ambalo katika tarumbeta ya kawaida lina urefu wa karibu mita 1.4, katika tromboni karibu mita 2.7, na katika tuba kubwa hufikia mita 5.5. Mawimbi ya sauti yafikapo kwenye kinywa kipana cha ala, sehemu kubwa hurudi ndani ikaja kuitegemeza midomo katika mwendo wake, na kiasi kidogo tu ndicho kinachotoka nje kikawafikia wasikilizaji. Pumzi ikizidi, sauti haikui ukubwa peke yake, bali huamka ndani yake sauti za juu ambazo katika upulizaji hafifu hazisikiki, nazo ndizo zinazoipa tarumbeta ule mng'aro unaotambulika toka mbali. Basi mwanafunzi mwenye hofu akiambiwa aongeze nguvu, naye hakuvuta pumzi ya kutosha, huongeza kile kilicho karibu naye, yaani nguvu ya mkono: hukikandamiza kikombe juu ya midomo mpaka damu ikapungua, koo likakaza, na sauti ikatoka kali kwa muda mfupi, kisha ikakatika.

Dawa ya hofu haipatikani pasipo kuijua asili yake. Mtoto wa nyumba zetu amelelewa kuinamisha sauti mbele ya wakubwa, na malezi hayo ni ya heshima, hayafai kudhihakiwa darasani. Lakini mtoto huyo huyo hupewa ala iliyoumbwa ili isikike uwanjani, akatakiwa ajifunze katika chumba kidogo chenye paa la bati, ambamo kila noti humrudia usoni na kila kosa husikika kwa jirani. Vikundi vya beni vilivyoanza Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890, na ambavyo baadaye vilienea bara, vilikuwa na shughuli zao njiani na viwanjani, kundi likishindana na kundi mbele ya watu, na mpigaji wa aina hiyo hakuwa na ukuta wa kumtisha. Nashauri kwa msisitizo kwamba mwanafunzi mwenye haya atolewe nje, chini ya mwembe au kando ya uwanja wa mpira, mahali ambapo sauti huondoka na kwenda zake.

Hapo nje kazi ianze na pumzi kabla ya ala. Mwanafunzi ashike kipande chepesi cha karatasi mbele ya ukuta, akiachie, kisha akizuie kisianguke kwa kupuliza tu. Atatambua mara moja kwamba mkondo wa hewa unaokwenda bila kukatika ndio unaofanya kazi, na kwamba mabega kupanda juu hakumfaidii kitu. (Akihisi kizunguzungu aketi apumzike, kwani ndiyo tabia ya pumzi nyingi kwa asiyezoea.) Kisha auimbe wimbo kwa kinywa chake kabla ya kuupiga, maana asiyethubutu kuuimba hatathubutu kuupuliza. Baada ya hapo mwalimu asogee mbali hatua kwa hatua, asidai kelele, bali amwombe mwanafunzi amfikishie noti moja ndefu, laini, iliyojaa. Umbali humfundisha mwanafunzi kile ambacho maneno ya mwalimu hayakuweza kumfundisha, kwa kuwa nia ya kumfikia mtu hulifungua koo lenyewe.

Haya si mawazo ya pembeni mwa taaluma. Arnold Jacobs, aliyepiga tuba katika Orkestra ya Chicago tangu mwaka 1944 hadi 1988, alikuwa na ugonjwa wa pumu, wala mapafu yake hayakuwa mapana kuliko ya watu wengine. Hata hivyo alizijaza kumbi kubwa kwa sauti yake, na wapigaji wa ala za shaba walisafiri toka mbali kumjia. Alifundisha kwamba akili ishughulike na wimbo, na mwili uachwe utoe upepo, pasipo mpigaji kuihesabu misuli yake mmoja mmoja. Anayedhani kuwa mwanafunzi mwembamba au mfupi hawezi kutoa sauti kamili na aitafakari habari hiyo.

Lakini hazina kubwa kuliko zote iko hapa hapa West Nile, na nasikitika kuona inavyopitwa. Waalur wa Nebbi, Pakwach na Zombo wanayo mabaragumu ya mti yaitwayo agwara, ambayo hupulizwa ubavuni kama siwa za Pate na Lamu zinavyopulizwa. Agwara moja haipigi wimbo. Kila mpigaji ana sauti yake moja au mbili, na lahani huzaliwa kwa wapigaji kupokezana, huyu akitia yake pale mwenzake alipoachia, mpaka kundi zima likawa kama ala moja yenye vinywa vingi. Msomaji atazame jinsi mpango huo unavyomshughulikia mwenye haya: hana noti nyingi za kumchanganya, hana wimbo mzima wa kuubeba mabegani peke yake, lakini pia hana mahali pa kujificha, kwa maana akinyamaza panabaki pengo katika wimbo, na pengo hilo kila mchezaji atalisikia miguuni mwake. Hujasirika kwa sababu wenzake wanamhitaji, na jambo hilo karipio la mwalimu haliwezi kulizalisha.

Utaratibu huo waweza kuhamishiwa kwenye tarumbeta na tromboni bila gharama yoyote. Uchukuliwe wimbo ambao wote wanaujua, mathalani wa kanisani, ugawanywe noti kwa noti miongoni mwa vijana sita au saba waliosimama duara, kila mmoja aingie kwa zamu yake pasipo kuchelewa. Mwalimu avumilie noti mbaya za siku za mwanzo, na asimsahihishe mtu juu ya ubora wa sauti mpaka mapokezano yamekaa. Mwenye haya awekwe baina ya wawili wenye sauti iliyofunguka, kwani sikio huiga kabla akili haijaelewa.

Fauka ya hayo, kabla mwanafunzi hajahukumiwa, ala yake ikaguliwe. Tarumbeta nyingi huja zikiwa zimekwisha kutumika, na kizibo kilichochakaa penye tundu la kutolea mate huvujisha hewa. Mtu akikibana kwa kidole na sauti ikajaa ghafla, kosa lilikuwa la chombo. Mazoezi yawe mafupi, na muda wa kupumzisha midomo usipungue muda wa kupiga.

Nawasihi basi walimu wa Arua na Koboko, na wasimamizi wa kwaya za makanisa pamoja nao, wawaalike wapigaji wa agwara waje wakae na vijana wenye tarumbeta japo alasiri moja, wawaache wapige pamoja, na wawape wazee hao heshima na malipo yawapasayo walimu.