Kamera zinazosoma mwendo bila kumgusa mtu

Katika mechi ya ufunguzi ya Kombe la Dunia la 2022 nchini Qatar, bao la mapema la Enner Valencia wa Ecuador lilikataliwa kwa kuotea, na watazamaji wakaoneshwa mchoro wa miguu ya wachezaji ikipitwa na mstari. Mchoro ule ulitokana na kamera 12 zilizofungwa chini ya paa la uwanja, zikifuatilia hadi alama 29 za mwili wa kila mchezaji, mara 50 kwa sekunde. Hakuna mchezaji aliyebandikwa chochote mwilini. Teknolojia ya jamii hiyohiyo sasa inabisha hodi kliniki, kwa wagonjwa wa kiharusi, watoto wenye mtindio wa ubongo na wazee wenye magoti yaliyochakaa. Wataalamu wengi wanauliza kama ni sahihi sawa na maabara ya kupima mwendo. Mimi naona swali hilo limewekwa vibaya. Kipimo hupimwa kwa kazi kinayotakiwa kuifanya, na kazi nyingi za kliniki leo hazifanywi kwa kipimo chochote zaidi ya jicho la mtaalamu.

Hiyo maabara yenyewe tuitazame vizuri. Mgonjwa huvua nguo akabaki na kaptura ya kubana, kisha hubandikwa vitufe vinavyoakisi mwanga kwenye nyonga, magoti na vifundo vya miguu. Kamera maalumu hufuatilia vitufe hivyo anapotembea, na kompyuta hukisia mifupa iko wapi chini yake. Hukisia, nasema, kwa sababu kitufe kimekaa juu ya ngozi, na ngozi huteleza juu ya mfupa kila msuli unapokaza; kwenye paja kinaweza kuhama kwa zaidi ya sentimita moja. Tena wabandikaji wawili wenye ujuzi sawa hawagusi mahali palepale. Kwa hiyo programu mpya inapotofautiana na maabara kwa nyuzi kadhaa, si kosa lote ni la programu. Anayetaka kuuona mfupa wenyewe ukitembea hana budi kutumia eksirei.

Njia mpya huanza na picha. Watu hukaa wakaweka alama kwa mkono kwenye maelfu kwa maelfu ya picha za kawaida: hapa bega, hapa goti, hapa kifundo. Programu ya akili mnemba hujifunza kutokana nazo hadi iweze kukisia viungo kwenye picha ambayo haijawahi kuiona. OpenPose, iliyotoka Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, ndiyo iliyoisambaza mbinu hii miongoni mwa watafiti kuanzia mwaka 2017. Kamera moja hutoa picha bapa. Zikiwa mbili au zaidi, zikitazama kutoka pembe tofauti, kompyuta huweza kukokotoa kiungo kiko umbali gani. Kisha hesabu huvishwa kiunzi cha mifupa ya kompyuta chenye mipaka ya kibinadamu, ili goti lisije likapinda kwenda mbele.

Chuo Kikuu cha Stanford kilichapisha mwaka 2023 mfumo uitwao OpenCap, unaotumia simu mbili za iPhone. Ulipolinganishwa na maabara, pembe za viungo zilitofautiana kwa wastani wa nyuzi 4.5. Katika jaribio la watu 100, mtaalamu mmoja alipata matokeo mara 25 haraka kuliko kwa njia ya maabara, kwa gharama isiyofika asilimia 1. Nyuzi 4.5 ni nyingi au chache? Inategemea unatazama wapi. Mtu mzima mwenye afya akitembea, goti lake hupinda kufikia nyuzi 60 hivi mguu unapokuwa hewani. Mgonjwa wa kiharusi ambaye goti lake limekakamaa likaishia nyuzi 30, kisha baada ya mazoezi likafika 45, ataonekana waziwazi hata kwa kipimo chenye kasoro hiyo. Lakini fupanyonga huinama mbele na nyuma kwa nyuzi chache tu katika kila hatua, na huko kosa linaweza kuwa kubwa kuliko mwendo wenyewe. Hali ni hiyohiyo kwa paja linalozunguka kuelekea ndani au nje. Daktari wa upasuaji anayefikiria kukata fupa la paja la mtoto na kuligeuza asiamue kwa simu.

Kati ya ncha hizo mbili kuna uwanja mpana. Mwaka 2020 watafiti walitumia video za kamera moja za wagonjwa 1,026, wengi wao watoto wenye mtindio wa ubongo, zilizorekodiwa katika hospitali moja ya Minnesota, wakaifundisha kompyuta kukadiria kasi ya kutembea, idadi ya hatua kwa dakika na upindaji wa goti. Video zile zilikuwa zimerekodiwa katika shughuli za kawaida za matibabu.

Wapo wanaosema kamera haioni nguvu inayoliumiza goti. Ni kweli, maabara ina mizani iliyofukiwa sakafuni, na kamera hukadiria tu kwa hesabu za fizikia. Pingamizi la faragha nalo si dogo: video za OpenCap husafiri kwa intaneti hadi kwenye kompyuta za mbali kuchakatwa, na mgonjwa ana haki ya kulijua hilo kabla ya kurekodiwa.

Pingamizi ninaloliona zito kuliko yote linahusu miili iliyoifunza programu. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walionesha kwamba programu za kutambua jinsia kwa sura zilikosea hadi asilimia 34.7 kwa wanawake weusi, ilhali kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8. Zile zilikuwa sura, hizi ni viungo, lakini chanzo cha hatari ni kilekile. Programu iliyozoea vijana waliovaa kaptura itaitafuta vipi nyonga ya bibi aliyejifunga kanga, au goti lililofichwa na dera?

Kwa hiyo kliniki yoyote inayoletewa mfumo wa namna hii imuulize muuzaji kabla ya kutia saini: ulijaribiwa kwa watu gani, wamevaa nini, wakifanya nini, na ulikosea kwa nyuzi ngapi katika kila kiungo? Asiye na majibu kwa maandishi arudi nayo siku nyingine.