Somo la Kichocho na Maisha ya Watoto Mkoani Mara

Mwalimu afundishaye somo la kichocho hana budi kwanza ajue watoto wake hukutana na maji wapi. Mjini Musoma, mtoto wa mvuvi huingia ziwani kusaidia kuvuta nyavu. Mwenzake, mwana wa karani, huenda kuogelea tu siku za mapumziko. Butiama, kijijini, ziwa liko mbali, lakini mchungaji hunywesha ng'ombe lamboni, naye huoga humo humo. Bunda ina watu wa mwambao na wa bara pia.

Tumewasikia walimu wakiamuru, "Msiingie ziwani!" Mtoto wa mvuvi huliona somo hilo halimhusu, kwani chakula cha kwao hutoka humo. Wengine hukazania kuchemsha maji ya kunywa. Ni vema, ila vijidudu vya kichocho hupenya ngozi, havingoji kunywewa. Mayai yake hufika majini kwa kinyesi au mkojo, na vijidudu hukulia ndani ya konokono. Ndiyo maana choo huwafaa wote, wavuvi kwa wachungaji. Kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973, iliwakusanya watu wajadiliane vikundi vikundi, kisha wakachimba vyoo.

Basi tuanze kwa kuuliza: jana nani aligusa maji, wapi, kwa kazi gani? Majibu yaandikwe ubaoni kabla ya kuchorwa konokono.