Pensheni ya Wazee wa Unguja na Pemba

Tangu Aprili 2016, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar humlipa Mzanzibari mkaazi aliyetimiza miaka 70 pensheni ya kila mwezi, pasi na kumuuliza kama aliwahi kuajiriwa, nayo ilianza kwa shilingi 20,000, ikaja kuongezwa hadi 50,000. Na hilo, kwa rai yangu, ni jambo adhimu, kwani mvuvi, mkulima wa karafuu na bibi msuka ukili, ambao hawakupata kuandikwa katika daftari la mwajiri yeyote, wametambuliwa kuwa nao walifanya kazi.

Hata hivyo, fedha hizo hazikidhi haja zote, na mzee mwenye tadbiri huanza kwa kulipa deni la duka, kisha hununua mchele wa siku chache tu, akitegemea zaidi muhogo na ndizi za kiambo chake, na dagaa badala ya nguru au changu, huku akiweka kando nauli ya hospitali. Wajukuu nao wana haki yao, wala sijamwona bibi adirikiye kuwanyima. Wenye dhiki hasa ni wale wasio na shamba, wakaao nyumba za kupanga mjini, ambako hata muhogo hununuliwa.