Kabla ya kulipa ada ya akademi ya soka

Mtoto wa miaka 12 anayelala na mpira kitandani humweka mzazi pagumu. Akademi ni nyingi, na kila moja inasema itamtoa.

Mzazi aanze kwa kwenda uwanjani siku ya mazoezi bila taarifa, atazame dakika 20 za mwanzo. Kocha anayejua kazi huwapasha watoto miili kwanza: kuruka, kusimama kwa mguu mmoja, hata kujifunza kuanguka. FIFA ina programu ya namna hiyo kwa watoto wa miaka 7 hadi 13, na imeonekana kupunguza majeraha.

Kisha aulize: mtoto akilalamika goti, nini hufuata? Anayerefuka haraka huweza kuumia chini ya goti, kano inaposhikana na mfupa wa muundi. Huhitaji daktari na kupunguziwa mazoezi, si kuambiwa akaze roho.

Aombe pia ratiba. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10, kupumzika angalau siku moja kwa wiki, na shule.

Na anayetaka pesa ili ampeleke Ulaya? Kanuni za FIFA zinazuia uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa masharti machache. Mbwana Samatta alijiunga na Genk ya Ubelgiji mwaka 2016 akiwa na miaka 23. Muda upo, goti ndilo halina spea.